Dereva wa Fuoni na sigara aliyoiacha: uchambuzi wa kisa cha koliti ya vidonda

Mgonjwa ni mwanamume wa miaka 38, dereva wa gari ya abiria, mkaazi wa Fuoni, Unguja, mzaliwa wa Micheweni, Pemba. Kwa miezi sita amekuwa akienda chooni mara tano mpaka sita kwa siku, na usiku huamka mara moja au mbili. Choo chepesi, kina damu na ute. Mara nyingine haja humhimiza kwa nguvu, akifika hakitoki kitu ila matone ya damu na makamasi. Tumbo humsokota upande wa kushoto chini, akishapata choo hupoa kidogo. Amepungua kilo saba. Homa hana.

Kisa hiki kimesukwa kwa ajili ya kufundishia. Dereva mwenyewe usimtafute kwenye kituo cha magari, lakini kila kinachosemwa hapa juu ya maradhi, dawa na tafiti ni cha kweli.

Kabla hajafika kwa daktari wa matumbo, maradhi yake yalikuwa yameshapewa majina matatu. La kwanza bawasiri, kwa sababu damu ilikuwa nyekundu mbichi, na aliyempa jina hilo hakumpima. La pili amiba, kwa sababu karatasi ya maabara iliandika hivyo. La tatu husuda, na hili lilitoka nyumbani, maana ametoka Muscat, Oman, na gari yake mwenyewe, akajenga, na watu wana macho. Akanywa kombe la zafarani siku kadhaa. Kombe halikumdhuru. Bawasiri na amiba ndizo zilizomchelewesha.

Amiba inastahili maelezo kidogo, kwa sababu visiwani humu ndilo jina ambalo kila tumbo lenye damu hupewa. Chini ya darubini, vifuko vya kidudu cha Entamoeba histolytica, ambacho huleta maradhi, havitofautiani na vya Entamoeba dispar, ambacho hukaa tu matumboni mwa watu bila ya ubaya. Karatasi ikiandika “amiba” bila kusema kwamba kimeonekana kidudu kinachotambaa, chenye chembe nyekundu za damu ndani yake, haijathibitisha kitu. Dereva alimezeshwa metronidazoli, antibayotiki ya kuua amiba, duru baada ya duru, baadaye akaongezewa antibayotiki nyingine, siprofloksasini. Duru ya kwanza alihisi ahueni ya siku chache. Za baadaye hazikufanya lolote.

Kosa la upande wa pili ni baya zaidi, na ndilo linalomfanya daktari makini asikimbilie jina jipya. Mtu mwenye amiba ya kweli akidhaniwa ana koliti, yaani uvimbe na vidonda vya utumbo mpana, na kupewa prednisoloni, dawa inayopunguza nguvu ya kinga ya mwili, utumbo unaweza kutoboka. Kwa hiyo choo kilipimwa upya kwa siku tofauti, kikaoteshwa kutafuta shigela, bakteria wa kuhara damu, damu ikapimwa virusi vya UKIMWI na homa ya ini aina B, kifua kikapigwa picha kwa ajili ya kifua kikuu. Kote hakukuonekana kitu. Hemoglobini ilikuwa 10.9, mapigo 84 kwa dakika. Ndipo akavuka kwenda Dar es Salaam kupimwa kwa kamera.

Kamera ilionyesha hivi: kuanzia mwisho wa njia ya haja kubwa, ukuta wa utumbo mpana ni mwekundu, umevimba, una vidonda vidogo vidogo na unatoka damu ukiguswa. Hali hiyo inapanda mfululizo, bila kuruka mahali, mpaka kwenye kona ya kushoto iliyo chini ya wengu, hapo inakoma. Utumbo wa mbele yake mzima. Utumbo mwembamba, pale ulipofikiwa, mzima. Vipande vilivyokatwa vilionyesha vitezi vya ukuta vimepinda na vimejaa usaha. Hakukuwa na amiba, wala vinundu vya kifua kikuu, wala saratani. Jina likapatikana: koliti ya vidonda ya upande wa kushoto, ya ukali wa wastani.

“Imenitoka wapi?”

Koliti ya vidonda na ugonjwa wa Crohn ni ndugu wawili wa nyumba moja, maradhi sugu ya mchochota wa utumbo. Mchochota ni ule moto wa kinga ya mwili: wekundu, uvimbe, maumivu, vidonda. Koliti hukaa kwenye utumbo mpana tu na hula tabaka la ndani la ukuta. Crohn huweza kushika popote kuanzia mdomoni, huruka mahali na mahali, na hupenya ukuta mzima. Jina la koliti ya vidonda limetumika tangu Samuel Wilks wa London alipoeleza mgonjwa mmoja mwaka 1859. Crohn na wenzake wawili wa New York waliandika juu ya ugonjwa wa pili mwaka 1932. Kwa muda mrefu yote mawili yalihesabiwa kuwa maradhi ya Ulaya na Marekani Kaskazini. Hesabu hiyo imevunjika: mapitio makubwa yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba wakati kule idadi ya wagonjwa wapya imeanza kutulia, kwenye nchi za Asia, Afrika na Amerika ya Kusini zinazoingia viwandani inapanda.

Vinasaba vimo. Sehemu zaidi ya 200 za vinasaba zimeshahusishwa na maradhi haya. Lakini pacha wa kufanana, aliyetoka kwenye yai moja na mgonjwa wa koliti, mara nyingi haugui. Vinasaba ni vilevile na mmoja ni mzima, basi kuna kitu nje ya vinasaba, katika walivyokula, walivyovuta, walivyomeza na waliyougua. Hicho ndicho dereva alichokuwa akikiuliza, kwa maneno yake: “Imenitoka wapi?”

Wengi wetu tukiulizwa swali hili hutaja orodha. Vyakula vya viwandani, sigara, dawa, usafi uliozidi, moshi wa magari, mawazo. Orodha si ya uongo, ila haimsaidii mtu mmoja. Kinachosaidia ni kalenda ya maisha yake, na mbele ya kila jambo kuuliza maswali mawili: lilitangulia au lilifuata? Na je, linaweza kubadilishwa sasa?

Dereva, kama watu wengi wa Pemba, hakumbuki tarehe. Anakumbuka Ramadhani, masika, vuli na msimu wa karafuu. Daktari akachora mstari kwenye karatasi akaandika kwa vipimo hivyo hivyo. Ulitoka hivi. Amezaliwa Micheweni, kanyonya miaka miwili. Utoto wa miguu mitupu, maji ya kisima, ng'ombe nyuma ya nyumba. Akiwa na umri wa miaka 9 aligundulika ana safura, akapewa dawa skuli. Akiwa na 19 akaenda Muscat kwa mjomba wake, akafanya kazi ghalani na baadaye udereva. Akaanza sigara akiwa na 20, pakiti moja kwa siku. Akarudi Unguja akiwa na 33. Ramadhani iliyopita aliacha sigara na hakuirudia. Miezi mitano baadaye akaenda Pemba kusaidia kuchuma karafuu za marehemu baba yake, mgongo ukamkaza, akanunua diklofenaki, dawa ya maumivu, duka la dawa akawa anakunywa asubuhi na jioni. Wiki ya tatu ya vidonge ndipo damu ilipoonekana. Halafu bawasiri. Halafu metronidazoli na siprofloksasini. Halafu kamera.

Hana mtu wa karibu kwenye ukoo mwenye maradhi haya. Kidole tumbo chake bado anacho. Hilo la kidole tumbo si swali la bure: utafiti wa Sweden uliochapishwa mwaka 2001 ulionyesha kwamba watu waliokatwa kidole tumbo kilichovimba kabla ya umri wa miaka 20 huugua koliti ya vidonda kwa uchache zaidi. Hakuna anayemkata mtu kidole tumbo ili kumkinga, lakini inaonyesha jinsi maradhi haya yanavyofungamana na kinga ya utumbo tangu ujanani.

Utoto wa Pemba

Dhana inayopendwa ni kwamba mwili uliokua kwenye udongo na minyoo hufundishwa ustahimilivu, na mwili uliokua kwenye usafi mwingi hurukia vivuli. Pemba ina nafasi ya pekee kwenye habari hii. Ni miongoni mwa sehemu zilizochunguzwa sana duniani kwa minyoo ya matumbo. Maabara ya afya ya jamii ya Ivo de Carneri iliyoko Chake Chake imefanya kazi hiyo tangu mwaka 2000, na dawa za minyoo zimekuwa zikigawiwa skuli tangu miaka ya 1990. Wanafunzi wa zama za dereva, karibu wote, walikuwa na aina moja au zaidi ya minyoo.

Huko Iowa, Marekani, kundi la Joel Weinstock liliichukulia dhana hii kwa vitendo. Wagonjwa 54 wa koliti ya vidonda walipewa ama mayai ya mnyoo wa mjeledi wa nguruwe, ama maji matupu yasiyo na kitu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2005: waliopata nafuu kwa mayai walikuwa 13 kati ya 30, na kwa maji 4 kati ya 24. Watu wakafurahi. Kisha majaribio makubwa zaidi kwa wagonjwa wa Crohn yakaja, nafuu haikuonekana, na mlango ukafungwa kwa kishindo.

Kwenye kalenda ya dereva, utoto huu unakaa upande wa kinga kama unakaa popote, na haukumkinga. Nalitaja hili kwa sababu nimeshasikia watu wakisema tusiwape watoto dawa za minyoo, eti minyoo inawalinda matumbo. Safura hunyonya damu ya mtoto na kumchelewesha skuli leo. Koliti ya kesho ni jambo la nadra. Mizani hizo hazilingani hata kidogo.

Muscat na mlo wake

Tafiti za wahamiaji zinafundisha kitu. Ontario, Canada, walihesabu kwamba kadiri mtu alivyohamia akiwa mdogo ndivyo hatari yake ilivyokuwa kubwa: kila miaka 10 ya udogo wakati wa kuhamia iliongeza hatari kwa asilimia 14. Watoto waliozaliwa kule na wazazi kutoka Asia ya Kusini au Afrika kusini mwa Sahara walifanana na watoto wa wenyeji. Dereva alihamia mtu mzima, kwa hiyo kama mazingira ya Muscat yalimgusa, yalimgusa kwa kuchelewa.

Mlo ulibadilika, bila shaka. Soda, chipsi, mikate ya mifukoni, nyama za makopo, usiku wa zamu na vinywaji vya kuongeza nguvu. Utafiti uliofuata watu 116,000 na ushei kwenye nchi 21, ukachapishwa mwaka 2021, ulikuta kwamba waliokula vyakula vilivyosindikwa kupita kiasi mara 5 au zaidi kwa siku walikuwa na hatari ya mara 1.8 wakilinganishwa na waliokula chini ya mara 1. Kwa panya, viambato viwili vinavyotumika kuchanganya mafuta na maji kwenye vyakula hivyo, karboksimethiliselulosi na polisobeti 80, vilionekana mwaka 2015 vikila utando wa ute unaotenga vijidudu na ukuta wa utumbo. Lakini dereva amekula hivyo miaka 14 kule na mingine hapa, tumbo likiwa shwari. Kitu kilichokuwepo muda wote hakielezi kwa nini maradhi yalianza msimu ule wa karafuu. Kinaweza kuwa kilitayarisha uwanja. Zaidi ya hapo ni kubahatisha.

Pilipili ya urojo, kwa anayeuliza, haina kesi.

Sigara

Hapa ndipo kisa kinapokuwa kigumu, na hapa ndipo mama yake alipoingia. Alikuja naye kutoka Pemba, akakaa kimya muda mrefu, kisha akasema:

“Daktari, huyu mwanangu kavuta sigara miaka kumi na saba, hajaumwa hata tumbo. Kaacha kwa ajili ya Mungu, kaugua. Unanambia nini?”

“Nakwambia, mama, umeona sawasawa. Na sigara asiirudie.”

Jibu hilo linahitaji kusimamishwa kwa ushahidi, maana nusu yake ya kwanza huwashangaza hata wafanyakazi wa afya. Mwaka 1982 madaktari watatu wa Cardiff, Wales, waliripoti kwamba wagonjwa wao wa koliti ya vidonda walikuwa, kwa kiasi kisichotarajiwa, watu wasiovuta sigara. Tangu hapo jambo hilo limerudiwa nchi baada ya nchi. Anayevuta huugua koliti kwa uchache. Aliyeacha huugua zaidi hata kuliko asiyewahi kuvuta, na hatari hupanda hasa miaka michache ya mwanzo baada ya kuacha. Kwa ugonjwa wa Crohn mambo ni kinyume kabisa: sigara huongeza hatari ya kuupata, huufanya ukali, hurudisha wagonjwa kwenye kisu. Ndugu wawili wa nyumba moja, na moshi mmoja unawatenda tofauti. Sijui mfano mwingine wa mazingira katika maradhi haya unaoonekana wazi kama huu.

Watu walijaribu kuitumia. Mwaka 1994 yalichapishwa majaribio ya wagonjwa 72 waliobandikwa plasta za nikotini au plasta tupu kwa wiki 6 juu ya dawa zao za kawaida. Wa nikotini walipona dalili kwa wingi zaidi. Mwaka uliofuata wakajaribu plasta hizo kwa kuzuia maradhi yasirudi, hazikufanya kazi. Kwa hiyo nikotini peke yake si habari nzima. Na wale wa barazani watakaosema basi ahamie tambuu ya tumbaku: utafiti wa mafundi ujenzi wa Sweden, ambako tumbaku ya kuweka mdomoni hutumiwa na wengi, haukuona kwamba inabadilisha hatari ya maradhi haya kwa upande wowote.

Wenzake kituoni walikuwa na ushauri mfupi zaidi: “Si ulikuwa mzima ukivuta? Washa moja.” Na ukweli ni kwamba wapo wagonjwa waliorudia sigara wakaona nafuu. Ubaya wake si wa nadharia. Dereva wa miaka 38 mwenye koliti ya wastani ana dawa zinazoweza kumtuliza. Hakuna dawa itakayofuta miaka mingine 20 ya pakiti moja kwa siku kwenye mishipa ya moyo na mapafu. Tena wapo wagonjwa ambao huanza na jina la koliti, baada ya miaka ikaonekana ni Crohn, na huyo atakuwa amejimwagia mafuta ya taa mwenyewe.

Kuacha kwake, basi, kumekaa vizuri kwenye kalenda: kumetangulia, muda unalingana, na tafiti zinaunga mkono. Ndilo jambo ambalo mimi ningeliweka mbele. Lakini si jambo la kubadilisha. Nalisisitiza hili kwa sababu tunapozungumza juu ya mazingira na maradhi, masikio yetu yanasubiri kusikia “ondoa kile, utapona.” Huyu alichoondoa kilikuwa sumu, na kukiondoa kukaja na gharama. Alistahili kuambiwa hivyo waziwazi, na kuambiwa pia kwamba hakukosea kuacha. Mgonjwa akifichwa habari hii na daktari, atakutana nayo kituo cha magari, ikiwa imeshapindishwa.

Vidonge vya mgongo

Diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zao hupunguza maumivu kwa kuzuia utengenezaji wa prostaglandini, na prostaglandini hizo hizo ndizo zinazolinda ukuta wa matumbo. Kwa watu ambao tayari wana maradhi haya na wametulia, utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2006 ulikuta dawa za jamii hii ziliwarudishia maradhi asilimia 17 mpaka 28 yao, ndani ya siku 9 tu, na parasetamoli haikufanya hivyo. Tafiti nyingine zimeona athari ndogo zaidi, kwa hiyo tusiifanye kuwa sheria. Kwa dereva, vidonge vilitangulia damu kwa wiki chache. Kwa maoni yangu vilikuta mwili ambao umeshaelekea huko, vikaufikisha.

Na hili linabadilishika. Kwa vitendo, ndilo jambo lenye faida kubwa kuliko yote kwenye kalenda yake, ingawa si lenye kusisimua. Aliandikiwa kwenye kikaratasi cha kubeba pochini: maumivu ni parasetamoli, si diklofenaki, si sindano yake, si ile mchanganyiko ya paketi moja. Mtu wa duka la dawa asimlaumu, aliuza alichoombwa. Anachotakiwa mgonjwa ni kujitaja kabla ya kununua.

Antibayotiki zilizokuja nyuma

Utafiti wa Denmark wa mwaka 2023, uliopitia rekodi za watu zaidi ya milioni 6, ulikuta kwamba waliotumia antibayotiki waliugua maradhi haya zaidi, hasa kati ya mwaka mmoja na miwili baadaye, na kwamba jamii mbili zilizoongoza ni ile ya metronidazoli na ile ya siprofloksasini. Msomaji mwepesi ataruka: hizo hizo alizokunywa dereva! Rudi kwenye kalenda. Damu ilitangulia. Alizinywa kwa sababu alikuwa anaumwa, na haziwezi kuwa zilileta kilichokuwepo. Na hapo ndipo penye mtego wa tafiti zenyewe, kwani sehemu ya watu wanaohesabiwa kuwa “walitumia dawa kisha wakaugua” ni watu waliokuwa wagonjwa tayari, ila hawajapata jina. Watafiti hujaribu kuliondoa hilo kwa kuacha miezi ya karibu nje ya hesabu; huliondoa kwa sehemu.

Husuda na mawazo nayaweka pamoja. Mawazo mazito huweza kuamsha dalili kwa mgonjwa, hilo linajulikana. Kwamba yanaanzisha maradhi kwa mtu mzima wa afya, ushahidi ni dhaifu. Mama yake aliambiwa aendelee kumsomea, na dawa asiache.

Matibabu, na udongo wa Micheweni kurudi

Mazingira hayakuishia kwenye chanzo. Yaliingia na kwenye matibabu.

Prednisoloni ilihitajika kwa wiki za mwanzo, miligramu 40 kwa siku kisha kushuka polepole. Lakini mtu aliyekulia Micheweni bila viatu anaweza kuwa bado amebeba Strongyloides stercoralis, mnyoo mdogo unaoingia kwa ngozi ya mguu, ambao tofauti na wengine hujizalisha ndani ya mtu yule yule na kukaa naye miongo. Choo cha kawaida mara nyingi hakiuonyeshi. Ukimpa mtu huyo prednisoloni, mnyoo unaweza kulipuka, ukasambaa mpaka mapafuni na kuua. Dozi moja ya albendazoli, dawa ya minyoo ya skuli, haiumalizi. Yawezekana alikunywa ivermektini, dawa inayoumaliza mnyoo huu, kwenye kampeni ya matende na mabusha iliyoanza Zanzibar mwaka 2001, akiwa bado kijana, lakini hiyo si sababu ya kumwacha. Akapewa ivermektini kwanza, prednisoloni baadaye. Miaka 19 nje ya Pemba haikuwa hoja.

Dawa ya kudumu iliyo ndani ya uwezo wake ni salfasalazini. Ni ya zamani, iliyobuniwa na Nanna Svartz wa Sweden zaidi ya miaka 80 iliyopita, na bado ni nzuri. Mesalazini, ndugu yake, ina usumbufu mdogo, bei yake kubwa. Hapa tena historia ya visiwa inaingia: kwenye jamii zilizoishi na malaria vizazi na vizazi, upungufu wa kimeng'enya cha G6PD ni wa kawaida, na salfasalazini inaweza kuvunja chembe nyekundu za damu za mwenye upungufu huo. Alipimwa kabla, akaonekana yuko salama. Akapewa na asidi ya foliki, kwa sababu dawa hii huzuia mwili kuipata ya kutosha, na madini ya chuma. Akaambiwa mapema, mke wake akiwepo, kwamba salfasalazini hupunguza mbegu za kiume na kwamba zinarudi dawa ikisimamishwa au ikibadilishwa. Wanaume wasipoambiwa hili huja kuligundua kwa mashaka, wakaacha dawa kimyakimya.

Alikuwa ameacha kwenda msikitini, hakumwambia mtu. Haja inayomhimiza inamvunjia udhu kabla imamu hajarukuu. Daktari hakujifanya mwanachuoni. Alimwambia amuulize sheikh wake habari ya mwenye udhuru, naye akajibiwa atie udhu kila wakati wa sala ukiingia, aswali. Kuhusu Ramadhani inayokuja, jibu la kitabibu lilikuwa wazi: maadamu anatoka damu na yumo kwenye dozi kubwa, asifunge. Akitulia, wazungumze tena.

Wiki ya nne choo kilishuka hadi mara mbili kwa siku, bila damu. Hatujui kama atabaki hivyo; koliti hulala na kuamka.

Swali lake la mwisho lilikuwa la watoto wake watatu. Hatari yao ni kubwa kidogo kuliko ya watu wengine, ila wengi wa watoto wa wagonjwa hawaupati kabisa. Hakuna kipimo cha kuwafanyia sasa wakiwa wazima. Mdogo ananyonya, aendelee kunyonya. Wasimezeshwe antibayotiki kwa kila mafua. Dawa za minyoo za skuli wanywe. Sigara asivute mtu ndani.

Kuna tarehe moja iliyotolewa kwenye kalenda ile ikaandikwa kwenye jalada kwa wino mwekundu. Koliti iliyofika upande wote wa kushoto huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kadiri miaka inavyopita, na kamera ya uchunguzi huanza mwaka wa 8. Hesabu hiyo huanza pale dalili zilipoanza. Ya dereva basi inaanza msimu wa karafuu, nusu mwaka kabla ya safari ya Dar es Salaam.